Kiolezo na waraka: kinachonakiliwa, kinachofuatwa na kinachokatika

Mzigo ukishashushwa Kilindini, bandari ya Mombasa, huanza safari nyingine, ya karatasi. Wakala wa forodha huiandikia kampuni ya meli, humwandikia mwenye mzigo, hutoa ankara, hutoa barua ya kumtambulisha dereva atakayekwenda kuchukua kontena. Barua hizi zina umbo moja: kichwa cha kampuni, sanduku la posta, tarehe, jina la anayeandikiwa, nambari ya hati ya shehena, nambari ya kontena, aya mbili za maelezo, sahihi. Kwa hiyo karani hufungua barua ya wiki iliyopita, hufuta jina la mteja yule na kuandika la huyu, hubadilisha nambari, kisha huihifadhi kwa jina jipya.

Saiba za Digo Road, yaani maduka ya kompyuta na mtandao, hufanya hivyo hivyo, na mawakili walio karibu na mahakama, na shule, na madrasa, na vyama vya akina mama vinavyoandika kumbukumbu za mikutano yao. Ni njia ya haraka, na siku nyingi humaliza salama. Siku isipomaliza salama, barua ya mtu mmoja hutoka na nambari ya kontena ya mtu mwingine, na hapo gharama haihesabiwi tena kwa karatasi.

Dawa imo ndani ya programu hizo hizo za kuandikia, nayo imekuwamo kwa miaka mingi: kiolezo, ambacho maofisini wengi hukiita templeti. Lakini wengi waliokijaribu walikiacha. Walibadilisha nambari ya simu ndani ya kiolezo wakitarajia barua zote za zamani zibadilike, zisibadilike. Au barua iliyopangika vizuri ofisini ikafika kwenye kompyuta nyingine imepoteza sura yake. Wakaona ni kitu cha wataalamu. Shida haikuwa kwao wala kwa programu. Hawakuelezwa tu ni kitu gani hasa hutoka kwenye kiolezo kwenda kwenye waraka, na ni kitu gani hakitoki kabisa.

Faili mbili zinazofanana sura

Waraka wa kawaida wa Microsoft Word jina lake huishia na .docx. Ukiufungua, umeufungua wenyewe. Ukiandika neno na kuhifadhi, lililokuwapo limeondoka na jipya limekaa mahali pake. Kwa barua moja yenye mwenyewe mmoja, hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kiolezo huishia na .dotx. Ndani yake kuna maandishi, nembo, kurasa na mitindo kama ilivyo kwenye waraka, kiasi kwamba ukivitazama viwili hivi kwenye skrini hutajua kipi ni kipi. Tofauti huonekana unapokibofya mara mbili. Word haikifungui kiolezo chenyewe. Hutengeneza waraka mpya, humimina ndani yake yote yaliyomo kwenye kiolezo, kisha hukuwekea mbele waraka huo ukiwa bado hauna jina, umeandikwa tu "Document1" au nambari inayofuata. Ukitaka kuuhifadhi, lazima useme unaitwaje na unakaa wapi. Kiolezo hakijaguswa, na kesho kitakuwa kama kilivyokuwa leo. Fundi mzuri wa kanzu hukata kitambaa kwa kufuata karatasi ya vipimo. Hamvui mteja wa jana kanzu yake akaifumua ili amshonee wa leo.

Anayetumia LibreOffice Writer, programu isiyolipiwa iliyotokana na OpenOffice.org mwaka 2010, atakuta waraka unaishia na .odt na kiolezo na .ott, na tabia ni ile ile. Google Docs haina aina ya faili ya kiolezo hata kidogo, nitairudia baadaye.

Kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili hakutoshi kuugeuza waraka kuwa kiolezo. Faili hizi ni vifurushi, na ndani ya kifurushi kuna tamko linalosema hii ni aina gani; jina la nje halilibadilishi tamko hilo. Njia ni kuufungua waraka, kuchagua kuhifadhi upya, na kwenye orodha ya aina za faili kuchagua "Word Template". Hapo pana mtego mmoja ambao umewasumbua wengi: mara tu unapochagua aina hiyo, Word ya 2013 na zilizofuata huhamisha yenyewe mahali pa kuhifadhi, bila kukuuliza, hadi kwenye folda ya "Custom Office Templates" iliyo ndani ya folda ya Documents. Mtu yuko saiba, anabofya kuhifadhi akiamini kiolezo kimeingia kwenye fleshi yake, anavuka kivuko hadi Likoni, anaichomeka fleshi na haoni kitu. Kiolezo kimebaki kule saiba. Ukichagua aina, irudishe folda unayoitaka kabla hujabofya.

Hata usipochagua kiolezo, umekitumia

Jambo hili halijulikani sana, na bila kulijua mengine hayaeleweki. Katika Word hakuna waraka usiotokana na kiolezo. Ukifungua ukurasa mweupe, umeufungua kutoka kwenye kiolezo kiitwacho Normal.dotm ambacho Word hukiweka kwenye kila kompyuta kwa kila mtumiaji. Ukubwa wa ukurasa, pambizo, aina ya herufi, nafasi kati ya mistari: vyote hivyo vimetoka huko. Mtu anayesema "mimi situmii templeti" anatumia ambayo hakuichagua.

Ndiyo maana kurasa nyeupe za kompyuta mbili hazifanani. Kuanzia Word ya 2007 herufi za kawaida zilikuwa Calibri. Kuanzia 2023 Microsoft ilianza kuzibadilisha kuwa Aptos. Barua iliyoandikwa kwa Aptos kwenye kompyuta mpya ya ofisini ikipelekwa saiba yenye Word ya zamani isiyo na herufi hizo, programu huweka nyingine badala yake. Upana wa herufi ukibadilika, mistari nayo husogea, na sahihi iliyokuwa chini ya ukurasa wa kwanza huangukia peke yake kwenye ukurasa wa pili.

Karatasi pia ina habari yake. Sisi huku tunachapisha kwenye A4, yenye milimita 210 kwa 297. Kompyuta iliyopangwa kwa mazingira ya Marekani huanza na karatasi iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279, pana zaidi na fupi zaidi. Kwenye skrini hutaona tofauti. Mashine ya kuchapisha ndiyo itakayoiona: ama itaipunguza barua, ama itakata ukingo, ama itasimama ikidai karatasi ambayo haiuzwi kwenye maduka yetu. Kijana wa saiba huilaumu mashine, kumbe amri ilitoka kwenye Normal. Kiolezo chako mwenyewe kilichopangwa A4 huliondoa tatizo hilo, kwa sababu ukubwa wa ukurasa husafiri pamoja na waraka.

Mafungu matatu

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Watu huuliza kama waraka "umeunganishwa" na kiolezo chake, na jibu la ndiyo au la hupotosha kwa vyovyote, kwa sababu yaliyomo kwenye kiolezo hayapiti kwa njia moja.

Fungu la kwanza hunakiliwa mara moja tu, siku waraka unapozaliwa. Maandishi yenyewe, kichwa cha kampuni na maelezo ya chini ya ukurasa, nembo, jedwali tupu la ankara, ukubwa wa karatasi na pambizo, vyote vimo humo. Vikishamiminwa, uhusiano umekatika. Ofisi ikihama kutoka Nkrumah Road kwenda Nyali na ukabadilisha anwani kwenye kiolezo, barua zitakazoandikwa kuanzia hapo zitakuwa na anwani mpya, na zilizoandikwa mwaka jana zitabaki na ile ya zamani. Wengi huliona hili kuwa kasoro. Mimi naliona ndilo jambo bora kuliko yote katika mpango mzima. Barua iliyotumwa ni kumbukumbu. Ilipotumwa ofisi ilikuwa Nkrumah Road, na ikija kutazamwa mbele ya hakimu inapaswa kuonyesha hivyo. Barua inayojibadilisha yenyewe haiwezi kuwa ushahidi wa chochote.

Fungu la pili ni mitindo. Mtindo ni jina linalobeba maagizo ya sura: kichwa kikubwa kiwe cha herufi gani, aya ya kawaida iachane na nyingine kwa kiasi gani, orodha iingie ndani kiasi gani. Mitindo nayo hunakiliwa ndani ya waraka unapoanza, ndiyo maana ukimtumia mtu barua haimlazimu awe na kiolezo chako. Sura imo ndani ya barua. Lakini tofauti na maandishi, mitindo inaweza kufuatwa tena. Word huandika ndani ya kila waraka jina la kiolezo ulichotokana nacho na mahali kilipo. Kwenye dirisha la "Templates and Add-ins", linalofikiwa kupitia kichupo cha Developer, pana kisanduku cha kuamuru mitindo ijisasishe yenyewe. Ukikitia alama, kila waraka unapofunguliwa Word huenda kwenye kiolezo, huchukua mitindo ilivyo siku hiyo na kuifunika ile ya zamani. Maneno hayaguswi, sura tu.

Kisanduku hicho kinahitaji tahadhari. Kwa kitabu cha mafunzo kinachoandikwa na watu watano, au kwa ripoti za shirika ambazo lazima zifanane, ni msaada mkubwa. Kwa waraka uliotokana na Normal ni hatari, kwa sababu kila kompyuta ina Normal yake. Waraka wenye alama hiyo ukifunguliwa Buxton utavaa mitindo ya kompyuta ya Buxton. Ukifunguliwa Mtwapa utavaa ya Mtwapa. Ikiwa waraka wako hubadilika sura kila unapoupeleka kwa mtu na herufi zote zipo, kagua hapo kwanza.

LibreOffice hulifanya jambo hili kwa uwazi zaidi, nami naisifu kwa hilo. Kiolezo kikibadilishwa, siku utakayofungua waraka uliotokana nacho utaulizwa: nisasishe mitindo, au nibaki na ya zamani? Ila jibu ukijua kwamba ukichagua kubaki na ya zamani, swali hilo halitarudi kwa waraka huo.

Fungu la tatu halinakiliwi kabisa. Makro, yaani vijiprogramu vinavyofanya kazi za kujirudia ndani ya Word, na vipande vya maandishi vilivyohifadhiwa ili viitwe kwa jina fupi, hukaa kwenye kiolezo tu. Waraka ukiwa kwenye kompyuta ile ile, huvifikia kupitia jina la kiolezo lililoandikwa ndani yake. Ukiutuma kwa mteja, vinabaki kwako. Ofisi inayotegemea kitufe cha kuingiza jedwali la gharama za bandari isishangae kitufe hicho kutokuwepo kwenye kompyuta ya nyumbani.

Jina hilo la kiolezo lililoandikwa ndani ya waraka lina athari moja ya ajabu. Kama kiolezo kilikaa kwenye kompyuta kuu ya ofisi, na kompyuta hiyo ikaondolewa, waraka wa zamani unaweza kuchukua muda mrefu kufunguka, kwa sababu Word inakitafuta kiolezo mahali ambapo hapapo tena. Faili si mbovu. Ubadilishe kiolezo kilichounganishwa, uweke Normal au kipya, na waraka utafunguka kwa wepesi.

Kosa linaloonekana na kosa linalojificha

Sasa turudi kwa karani na barua ya wiki iliyopita, maana hapa ndipo ninapotaka kusema kwa mkazo.

Anayetumia kiolezo naye hukosea. Husahau kujaza sehemu. Lakini kiolezo kilichotengenezwa vizuri kina alama mahali pa kujaza, pengine mabano yenye maneno "JINA LA MTEJA" kwa rangi ya manjano, na Word ina visanduku maalumu vya kuandikia ndani yake ambavyo maelezo yake huchapishwa kama yalivyo usipovijaza. Barua ikitoka na "JINA LA MTEJA" badala ya jina, kila mtu anaona. Karani anaona, msimamizi anaona, na kama wote wamelala, mteja anaona na anacheka au anakasirika, lakini hakuna aliyedanganyika.

Anayerithi barua ya jana hukosea pia, ila kosa lake lina sura ya ukweli. Nambari ya kontena ya mtu mwingine ni nambari kamili ya kontena. Jina la mtu mwingine ni jina. Jicho linapita juu yake bila kusimama, kwa sababu hakuna kinachopungua. Mama aliyekuja saiba kuchapishiwa barua ya shule ya mwanawe huisoma kaunta na kusema, "Mwanangu, juu ni jina langu, lakini huku chini pameandikwa mtoto mwingine." "Samahani mama, nairekebisha sasa hivi." Huyo amesoma. Wangapi hutia barua kwenye bahasha bila kusoma aya ya mwisho?

Kwenye mikataba jambo hili ni zito zaidi. Chukua mkataba wa upangaji wa nyumba. Mpangaji mmoja aliomba kifungu cha kupandishiwa kodi kila mwaka kiondolewe, mwenye nyumba akakubali, kikaondolewa. Miezi michache baadaye mpangaji mwingine anakuja, na mkataba wa yule wa kwanza ndio unaofunguliwa na kubadilishwa majina. Kifungu hakimo, na hakuna anayejua kwamba kilikuwepo. Kilichokuwa maafikiano ya mtu mmoja kimekuwa kanuni ya nyumba nzima bila mtu yeyote kuamua hivyo. Baada ya vizazi kadhaa vya kunakili, hakuna mkataba ulio mkataba wa asili. Kila mmoja una alama za waliotangulia. Kiolezo hukata mnyororo huo, kwa kuwa kila mpangaji huanzia mahali pamoja na kila badiliko hufanywa kwa makusudi, mbele ya macho.

Kuna pia yasiyoonekana kwenye ukurasa. Waraka hubeba maelezo yake: mwandishi, kichwa, mara nyingine maoni yaliyoandikwa pembeni na mabadiliko yaliyofuatiliwa ambayo mtu ameyaficha tu bila kuyaondoa. Ukiigeuza barua kuwa PDF, kile kichwa kilichomo kwenye maelezo yake huenda nayo, na vivinjari vingi hukionyesha juu ya dirisha. Mteja anafungua nukuu ya bei aliyotumiwa na juu anaona jina la mteja mwingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na jina la mtu, nambari yake ya kitambulisho na simu yake ni data zake binafsi. Saiba na ofisi ndogo zinashika taarifa nyingi za watu kuliko zinavyodhani, na kurithi faili za wateja ni mlango ulio wazi.

Tarehe

Tarehe inastahili nafasi yake, kwa sababu huwakosesha hata waliokwisha kuhamia kwenye violezo.

Mtu anatengeneza kiolezo cha barua na anataka tarehe ijiandike. Anaingiza tarehe na kutia alama kwenye "Update automatically". Inafanya kazi vizuri sana: kila barua mpya ina tarehe ya leo. Tatizo ni kwamba itaendelea kufanya kazi. Barua iliyoandikwa mwezi wa Machi, ukiifungua Agosti kutoa nakala, itakuwa na tarehe ya Agosti. Kwa barua ya kudai malipo au notisi ya kuhama nyumba, huo ni msiba.

Word ina sehemu nyingine iitwayo CreateDate, ambayo hushika siku waraka ulipoanzishwa. Ukiiweka hiyo kwenye kiolezo, kila waraka mpya hupata tarehe yake ya kuzaliwa na kubaki nayo. Utaipata ukienda kuingiza "Field" badala ya kuingiza tarehe ya kawaida. Kama hilo ni gumu, acha nafasi yenye alama na uandike tarehe kwa mkono. Dakika moja ya kuandika si kitu mbele ya barua iliyopoteza siku yake.

Kukitengeneza na kukilinda

Chukua barua yako iliyo nzuri kuliko zote. Ondoa kila kilicho cha mteja mmoja, na usome mstari kwa mstari, kwa sababu kitakachosalia hapa kitaingia kwenye kila barua. Ondoa maoni na mabadiliko yaliyofuatiliwa, safisha maelezo ya faili. Weka A4. Tumia mitindo badala ya kukoleza na kukuza herufi kwa mkono hapa na pale. Ikiwa barua zako ni za Kiswahili, weka lugha ya Kiswahili kwenye mtindo wa msingi ili mistari myekundu isijae chini ya kila neno. Mistari ikiwa kila mahali, jicho huizoea na kosa la kweli hupita. Kisha hifadhi kama .dotx.

Baada ya hapo kuna hatari moja tu kubwa. Kiolezo kikifunguliwa kupitia menyu ya kufungua faili ndani ya Word, badala ya kubofywa mara mbili, hufunguka chenyewe. Karani mgeni anaandika barua ya mteja humo, anahifadhi, na kuanzia saa hiyo mteja yule yumo kwenye kila barua ya ofisi. Kikague juu ya dirisha: ukiona jina la kiolezo badala ya "Document1", funga bila kuhifadhi. Ofisi yenye kompyuta zilizounganishwa ikiweke kwenye folda ambayo wote wanaweza kusoma na mmoja tu anaweza kubadilisha. Kwenye fleshi, kitie alama ya kusomwa tu.

Google Docs inafuata njia nyingine. Kila kitu ni waraka, na "kiolezo" ni waraka ambao watu wamekubaliana kutoubadilisha. Unaushiriki kwa ruhusa ya kusoma tu, na anayeuhitaji anatengeneza nakala. Ukichukua kiungo cha waraka huo na kuweka neno copy mahali pa edit na yote yanayolifuata, anayekifungua huulizwa moja kwa moja kama anataka nakala yake. Kwa chama kinachowasiliana kwa WhatsApp, ambapo nusu ya wanachama wana simu tu, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Ijulikane tu kwamba hapo kila kitu ni fungu la kwanza: nakala ikitoka, imekatika na asili yake moja kwa moja, mitindo nayo.

Kuhusu violezo vya kupakua mtandaoni, tazama herufi ya mwisho. .dotx haibebi makro; .dotm inabeba. Mwaka 1995 kirusi kilichoitwa Concept kilienea kwa kujipenyeza kwenye kiolezo cha Normal, na kwa kuwa Normal hutumika kila Word inapofunguliwa, waraka uliohifadhiwa kwa amri ya "Save As" ulikibeba. Melissa ya mwaka 1999 ilipita njia ya makro hiyo hiyo na kujituma kwa barua pepe. Kutenganisha aina hizi mbili za faili katika Word ya 2007 kulisaidia sana, na kuanzia 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka mtandaoni. Kwa barua, ankara na wasifu wa kuombea kazi huhitaji .dotm hata moja.

Pale kiolezo kisipohitajika

Sitaki mtu atoke hapa akageuze kila faili. Barua ya rambirambi haihitaji kiolezo. Iandike kutoka moyoni kwenye ukurasa mweupe. Ripoti ya kila mwezi ambayo sehemu kubwa ya maneno yake inaendelea kutoka mwezi hadi mwezi ni afadhali inakiliwe kutoka ya mwezi uliopita, kwa sababu kule kurithi ndiko kunakotakiwa. Na kama una barua moja ya kupeleka kwa wazazi mia mbili, kila moja na jina la mzazi na salio la karo, hiyo ni kazi ya kuunganisha barua na orodha ya majina kutoka Excel. Kiolezo huweza kuwa mwanzo wa barua hiyo, lakini hakiwezi kujaza majina mia mbili peke yake.

Kwa waraka unaoandikwa tena na tena kwa watu tofauti, weka mtu mmoja wa kushika kiolezo. Akikibadilisha, aandike tarehe kwenye jina la faili na ile ya zamani aihamishe kwenye folda ya kando bila kuifuta. Mpangaji wa miaka mitatu iliyopita akija kuuliza mbona mkataba wake una kifungu ambacho jirani yake hana, itafunguliwa folda ile na atapewa jibu.